Ngozi ya Corolla

Kwa Mzee Kassimu, nyuma ya soko,
Muyinga, Burundi.
21 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Adventina,

Kuna mlio mmoja umekataa kutoka masikioni mwangu. Grenda ikikata chuma nimeizoea, nimekulia kwenye magereji ya Baba. Mlio ninaousema ni ule unaokuja baada ya kuzimwa, umeme umeshakatwa lakini kisahani bado kinazunguka chenyewe, kinashusha sauti, kinashusha, kama mtu anayenung'unika huku akiondoka. Niliusikia kwenye simu, nimekaa mkekani kwa watu, na kila aliyekuwa chumbani alinyamaza kuusikiliza mpaka ukaisha. Nimeanza na huo kwa sababu ndio ulionitia kalamu mkononi.

Sasa nikuamkie inavyostahili. Shikamoo, Shangazi. Hamjambo Ulyankulu? Goti lako linakuruhusu kwenda shambani, au bado unasimamia wengine ukiwa umekaa? Nasikia mahindi yalikuwa mazuri mwaka huu kwenu na kwamba umejenga ghala jipya. Mungu aendelee kukushika mkono. Mimi ni mzima wa mwili. Mama hajambo pia, kikohozi cha vumbi kimempungua tangu mvua za kwanza ziguse kilima chetu cha Nyarusange.

Usishangae kuona Muyinga hapo juu badala ya Gitega nilikokuwa nafundisha. Nitafika huko.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwa simu nikifika katikati ya maneno sauti hupanda, halafu mtandao hukatika, na wewe unabaki na kelele tu. Barua anakuletea Hamissi, dereva wa Mzee Kassimu, ambaye anapita mpakani Kobero kwenda Kahama kuchukua mchele. Kutoka Kahama ataikabidhi kwa mtu wa basi la Tabora anayemfahamu.

Fredi ameniambia kwamba umesema nirudi nyumbani niwaombe radhi yeye na Baba Mdogo Venansi. Kama kweli umesema, Shangazi, umesema kwa kile alichokuambia kaka yangu. Naomba unisome mimi pia, kisha useme tena.

Unajua kwamba naendesha magari ya mbio. Uliposikia mara ya kwanza ulicheka ukasema Thomas amezaa mvulana akamvisha gauni. Sikukasirika, kwa kuwa ni wewe. Baba ndiye aliyenifundisha, kwenye barabara ya Nyarusange ambayo kona zake huzioni mpaka uwe umeshaingia. Alisema kona haitazamwi, inakaririwa. Wewe unanijua mimi si mtu wa maneno mbele za watu. Darasani nafundisha fizikia kwa sababu fizikia inajisemea yenyewe. Ila nikiwa nyuma ya usukani mawazo yangu hukaa kwenye mstari mmoja, na hakuna mahali pengine duniani yanapofanya hivyo.

Mbio zenyewe si za kutisha kama unavyodhani. Chama cha madereva kina uwanja wa udongo nje ya Gitega, upande wa kwenda Itaba, palipokuwa pakichomwa matofali. Tunazunguka duara, wachache kwa wakati mmoja. Nilikuwa nakwenda na Corolla ya Baba kama ilivyo, nikiondoa tu tairi la akiba na mabua ya mahindi chini ya viti. Mara ya mwisho nilikuwa wa kwanza. Jioni yake Corolla hiyohiyo ilimpeleka bibi arusi Ryansoro, na hakuna aliyejua ilikotoka ila vumbi.

Mwaka huu chama kimeweka sharti jipya, baada ya gari moja kupinduka. Kila gari linaloingia uwanjani lazima liwe na kizimba cha mabomba ya chuma ndani, ili paa lisimponde dereva, na mikanda ya kupita mabegani, na viti vya nyuma viondolewe. Sharti ni zuri, sina ugomvi nalo. Lakini gari lenye kizimba na lisilo na viti si gari la kubebea watu tena. Kwa hiyo ilibidi kuchagua: ama Corolla ibadilishwe iwe gari la mbio, ama ninunue gari lililozaliwa kwa kazi hiyo na Corolla iachwe ilivyo.

Mimi nilikuwa nimeshachagua, na nilijua gari. Husni, mtoto wa Mzee Kassimu wa hapa Muyinga, alikuwa na Starlet ndogo ya mbio, kiti kimoja, kizimba kimechomelewa vizuri, haina namba ya barabarani wala haiwezi kuipata. Alistaafu mbio mkewe alipojifungua mapacha. Akiba yangu ya ualimu ilitosha. Nilisema hivyo nyumbani, kwa utulivu, nikatoa sababu zangu. Kwamba Corolla ikifungwa springi ngumu za mbio itamvunja mgongo mgonjwa anayepelekwa hospitali, na hata hivyo itakuwa nzito mno kushinda. Kwamba uwanjani hupeleki kitu ambacho nyumba haiwezi kukikosa kesho yake. Nikilipindua gari la Husni, nimepoteza gari langu. Nikiipindua Corolla, kilima kizima kinatembea kwa miguu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hatukuwa tunazungumza habari za magari.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tumekaa uani. Baba Mdogo Venansi alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema, "Ursula, ukinunua gari unamnunulia mume usiyemjua. Siku ya kuolewa utaondoka nalo. Corolla ikibadilishwa inabaki kwa Fredi."

"Kwa Fredi ambaye haendeshi mbio," nikasema.

"Ataendesha ukishaolewa," Fredi akajibu, na alisema kwa wema kabisa, kama mtu anayenitoa wasiwasi.

Imelda, mke wake, alikuwa anapepeta mchele na tumbo lake la miezi ya mwisho. Hakuinua kichwa. "Na sisi tulioletwa hapa bila gari, tumemnunulia nani?" Watu wakacheka, Baba Mdogo naye akacheka, na kikao kikaisha kwa kicheko bila mtu kunijibu. Tangu Baba afariki, Mama akikaa kwenye kikao huwa kama mgeni aliyekuja kusalimia.

Unaona, Shangazi? Walikuwa tayari kulitoa kafara gari linalobeba kilima kizima, mradi tu binti asiwe na kitu chenye jina lake. Sikulala vizuri siku hizo. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi nikijikuta nimeandika "kwa nini?" mahali palipotakiwa alama.

Sasa nikukumbushe jinsi Corolla ilivyofika kwetu, kwa maana wewe ulibaki Tanzania na huenda ulisikia nusu tu. Tuliporudi Burundi, Baba alipata kazi ya utingo na fundi kwenye malori ya njia ya Kobero. Lori la Mzee Kassimu lilivunjika ekseli porini, limejaa nguo za dukani, na dereva akaenda kutafuta kipuri asirudi upesi. Mvua ikaanza. Baba alikuwa amebeba turubai tulilopewa na watu wa wakimbizi siku ya kurudi, ambalo Mama alikuwa ameezekea jiko lake, na walikuwa wamegombana asubuhi ya safari kwa sababu alilibandua. Alilifunika lile lori kwa turubai, yeye akalala chini ya magurudumu. Hakuna kitambaa kilicholowa wala kilichopotea.

Miaka baadaye Mzee Kassimu alipopata gari jipya, alimwita Baba Muyinga akampa Corolla. Hakumuuzia, na hakusema "chukua zawadi". Alisema mbele ya watu, "Nakugabia." Neno lile la ng'ombe. Na wewe, uliyelelewa na Babu, unajua zaidi yangu maana yake. Ng'ombe uliyegabiwa unamkamua, unamlea, lakini huwezi kumchinja wala kumtoa zizini kabla hujakwenda kwa aliyekupa ukamwambia. Baba aliiheshimu Corolla hivyo mpaka alipokufa. Alipobadilisha injini alikwenda Muyinga kuaga.

Hata Fredi hakuthubutu kulikana hilo. Alisema, "Basi nenda wewe ukaombe ruhusa, wewe ndiye msomi, unajua kusema." Nikaona angalau kuna mlango. Kichwani nilijiambia kwamba Mzee Kassimu akinisikiliza labda yeye mwenyewe atasema Corolla iachwe. Mama alinipa chupa ya asali, maana kwa watu wetu ungekwenda na pombe ya ndizi, lakini kwa Mwislamu unakwenda na asali.

Nilipokelewa kama mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba ile. Mama Zuena, mke wa Mzee, alileta chai ya maziwa na sambusa. Nikakaa mkekani nikasema maneno kama Baba angeyasema: kwamba ng'ombe uliyetugabia ametunywesha sote, na sasa nyumba inafikiria kumtoa kwenye maziwa na kumpa kazi nyingine, na hatukuthubutu kumgusa kabla hujasikia kwa masikio yako.

Mzee Kassimu alitikisa kichwa kwa furaha. Kiswahili chake ni cha hapa mjini, nakuandikia ilivyotoka. "Thomas alilea. Watoto wa leo iko wanauza hata shamba lenye kaburi, na huyu anatoka Gitega kuja kuniuliza habari ya gari. Mpigie kaka yako, mi nimsalimie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya wote kusikia, nikaweka simu katikati ya mkeka. Fredi alipokea akiwa anapiga kelele. Nyuma yake chuma kilikuwa kinalia.

"Ngoja, Mzee, sikusikii. Nazario, zima. Zima, nimesema."

Na hapo ndipo kilipokuja kile kisahani, kikishuka. Sisi sote tukakisikiliza. Mama Zuena alikuwa ameshika birika hewani.

"Ni nini hiyo iko inalia?" Mzee akauliza.

"Bati, Mzee. Tunakata bati la choo."

Kisha sauti ya Imelda, mbali kidogo lakini wazi kama kengele: "Choo gani hicho chenye milango minne? Na kiti changu mmekitupa kwenye vumbi."

Simu ikakatika.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Kassimu aliigeuza chupa ya asali akitazama nuru ndani yake. "Mama Zuena, chukua asali. Asali haina kosa." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, we umekuja kuniomba ruhusa ya kuchinja, na kumbe nyama iko kwenye sufuria."

"Usimsute mtoto wa watu," Mama Zuena akamwambia. "Angekuwa ameshika kisu, angekuja hapa na chupa ya asali?"

"Mi simsuti. Nauliza tu walimtuma kufanya nini."

Swali hilo, Shangazi, ndilo nililosafiri nalo kurudi. Walinituma kufanya nini? Walinituma niwe heshima, ili wao wapate nafasi ya kukosa heshima. Walichukua elimu yangu, sauti yangu na jina la Baba, wakanivika kama kitambaa kizuri juu ya meza iliyovunjika. Hata gari la Husni, lililokuwa limefunikwa uani palepale, sikuweza kulitazama siku ile. Nilipita nikiangalia miguu yangu.

Kwenye gereji ya fundi Nazario, Gitega, nilikuta hivi. Milango ya nyuma imetolewa. Dari limebanduliwa. Sakafu imetobolewa mahali pa kusimamisha mabomba, na mabomba mawili yameshachomelewa. Kiti cha nyuma kiko nje kwenye vumbi, na kuku wawili juu yake. Imelda alikuwa ameondoka. Asubuhi ile alikuwa ameletwa kliniki na gari hilohilo, akaambiwa asubiri kidogo, aliporudi gereji kupanda akakuta hakuna pa kupanda. Alirudi Nyarusange kwa pikipiki, mja mzito, kwenye barabara ile. Mumewe alimlipia pikipiki akaona amemaliza.

Nazario alipangusa mikono. "Mwalimu, mimi nakata ninachoonyeshwa." Sikuwa na neno naye.

Fredi hakuonekana kuwa na hatia hata kidogo, na hicho ndicho kilichonichoma. Alishangaa kwamba nimekasirika. "Nani anaendesha? Wewe. Nani anashinda? Wewe. Nakutengenezea gari, unakuja na uso kama umefiwa."

"Ulinituma kuomba ruhusa."

"Na amekubali?"

"Hakupata nafasi ya kukubali, Fredi. Alikuwa anasikiliza grenda yako."

"Mzee Kassimu angekataa? Nijibu. Nani aliwahi kusikia aliyegabia amekataa mtu aliyekuja kwa adabu? Angekataa?"

"Asingekataa."

"Basi."

Basi. Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Kaka yangu si mwizi wala si mkatili. Kosa lake ni kosa la watu wetu wengi siku hizi: ameijua desturi mpaka mwisho wake, akajua jibu huwa ni ndiyo, akaona swali ni la kupoteza muda. Lakini ndiyo maana mtu huulizwa, Shangazi. Ambaye atakataa, kila mtu anamwogopa na anamwendea. Ambaye atakubali ndiye anayehitaji kuulizwa kwanza, maana hana kingine cha kumlinda ila adabu yako. Nikaona pia kwamba ndivyo walivyonifanyia mimi. Ursula atakubali, ni mpole, atalia kidogo kisha ataendesha.

Nilikwenda Nyarusange nikamweleza Mama kila kitu, pamoja na choo chenye milango minne. Alikuwa anachambua maharage. Alichambua mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Ng'ombe wa kugabiwa akifa, unampelekea aliyekupa ngozi, aone kwamba hukumuuza. Hata kama umemuua wewe. Hasa kama umemuua wewe."

"Mama, Corolla ina ngozi gani?"

"Kile kiti wanacholalia kuku."

Sikuwahi kumwona Mama akitembea vile. Alivaa kitenge cha Pasaka, akateremka Gitega, akamwambia Nazario akikung'ute kiti vumbi na kukipandisha kwenye lori la Mzee Kassimu lililokuwa limeleta mzigo sokoni. Fredi alikuja mbio. Alisema, "Mama, tutaaibika." Mama akamwambia, "Tumeshaaibika, mwanangu. Sasa tunakwenda kutoa taarifa."

Tulikaa mbele na dereva, kiti kikiwa nyuma kwenye magunia matupu. Nilikuwa na hasira, lakini pia nilitaka kucheka, na nikikumbuka uso wa Mama ukitazama barabara ya Karuzi kama mtu anayepeleka maiti ya heshima, nataka kulia.

Kiti kikateremshwa uani kwa Mzee Kassimu. Mama alisema maneno yake akiwa amesimama, kwa Kirundi, nami nikatafsiri pale ilipobidi. Hakumtetea Fredi wala hakumtukana. Alisema mnyama wako alikatwa kabla hujaambiwa, na hii ndiyo ngozi yake.

Mzee akakizunguka kile kiti. Akakibonyeza kwa kiganja, akakaa juu yake, akanyanyuka. "Huyu hajafa, Mama Fredi. Wamemtoa utumbo tu. Arudishiwe." Akaamuru kiti kirudi Gitega na mabomba yatolewe. "Lakini nataka kujua, kule kwenu nani anasema gari ni lake?"

Nikamweleza aliyoyasema Baba Mdogo Venansi. Nilipofika kwenye yule mume nisiyemjua, Mama Zuena akaniuliza kama walau ana sura nzuri.

Mama hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama upande wa pili wa ua, gari la Husni lilipokuwa limelala chini ya kifuniko. Akaenda, akashika pembe ya kifuniko, akaigeuza. "Hili ni turubai langu," akasema. "Hili hapa nililishona mimi, lilipochomwa na cheche za jiko."

Mzee Kassimu alicheka mpaka akashika kiuno. "Thomas aliniambia likirudi limelowa utamfukuza. Nikaliweka mpaka likauke, nikasahau kulirudisha." Kisha kicheko kikamwisha polepole, nikaona anafikiri. "Mama Fredi, mi gari nililitoa kwa sababu ya turubai. Bila turubai, Thomas angelinda nguo zilizooza. Turubai lilikuwa la nani?"

"La jiko langu."

"Basi mi niligabia nani? Thomas alilibeba tu. Aliyefikiri vingine aje aniambie mimi, si wewe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Shangazi. Hakuna aliyempokonya Fredi kitu chake. Aliyetoa amesema alimpa nani, na wewe unajua kwamba kwenye jambo hili neno lake ndilo la mwisho, hata kama lingekuja kumkuta Baba Mdogo ameketi kwenye kiti cha mahakama. Najua Fredi amekuambia kwamba nimekwenda kuwashtaki kwa wageni. Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu yeye alinituma. Mara ya pili nilimsindikiza mama yetu.

Corolla imerudishwa. Nazario alitoa mabomba na kuziba sakafu, na Fredi alisimama pale mpaka kazi ikaisha, sitamnyima hilo. Viraka vinaonekana ukiinua zulia. Mwezi uliopita, Imelda aliposhikwa na uchungu, alipelekwa hospitali akiwa amelala kwenye kiti chake, na Fredi akiendesha taratibu kwa amri ya Mama. Wamepata binti. Wamemwita jina lako. Nadhani hilo nalo Fredi hakukuambia, kwa kuwa alitaka kwanza umpe haki.

Sasa nifike Muyinga.

Baada ya kurudi na Mama nilingoja. Nilidhani mtu atasema neno, hata dogo. Baba Mdogo alipita nyumbani mara nyingi na hakusema lolote, ila kwamba sasa mambo yametulia niachane na habari ya kununua gari, nisije nikaleta maneno tena. Nisije nikaleta mimi. Nilimtazama nikaona kwamba kwake Mama kupewa gari ilikuwa bahati mbaya ya kusahauliwa, na mimi kupata langu ingekuwa bahati mbaya ya pili.

Kwa hiyo nimenunua gari la Husni. Nilimwendea nikamwuliza kwanza kama kweli moyo wake umeliacha, ingawa nilijua jibu. Alisema, "Lichukue, dada. Kila nikija kusalimia wazazi linanitazama vibaya." Tumemalizana, na liko kwa jina langu kwenye chama cha madereva: Ursula, binti ya Thomas.

Najua utauliza mafuta, na una haki, kwa jinsi petroli inavyotafutwa huku kama dawa. Naliwasha mara chache sana. Mzee Kassimu ana shamba lililopumzishwa nyuma ya mji, na Husni alichonga humo duara la mazoezi. Mara nyingi nalitembea kwa miguu baada ya kazi, kona baada ya kona, mpaka nazijua nikiwa nimefumba macho. Watoto wa jirani wanadhani mwalimu mpya amechanganyikiwa. Siku ya mashindano gari litapandishwa kwenye lori la mchele mpaka Gitega, na baada ya hapo litapandishwa tena lirudi huku.

Maana hili gari halitembei barabarani, Shangazi. Halina namba, halina taa, halina hata honi. Mahali lilipo ndipo lilipo. Nilifikiri juu ya hilo muda mrefu. Fredi na Baba Mdogo waliogopa kwamba nikiwa na gari litaondoka na mimi. Nikaomba uhamisho kabla shule hazijafunguliwa, nikapewa. Tangu mwanzo wa mwezi huu nafundisha hapa, na nimepanga chumba cha uani kwa Mama Zuena, dirisha langu linatazama pale lilipoegeshwa. Hakuna mume aliyenichukua. Mimi ndiye niliyelifuata gari.

Radhi sitaomba. Nimemwandikia Fredi kumpongeza kwa mtoto, na kumwambia mlango wangu hauna kitasa cha ndani kwake. Akija kunitembelea nitampikia. Akitaka kuendesha Starlet, aniulize. Nitakubali.

Turubai nimempa Hamissi alipitishe kwa Mama akirudi kutoka Kahama. Mama amesema ataezeka nalo tena jikoni, ingawa sasa jiko lina mabati mazuri tu. Gari langu nimelifunika kwa majani ya migomba mpaka nipate jingine.

Nisalimie Bibi, umwambie bado nautumia ule mkeka wake. Nisalimie binamu Audax, na mkwe wako, na watoto wote walionisahau. Mama anakusalimu, na wajina wako mdogo ana mapafu kama yako, usiku majirani wote wanamjua. Mungu alitunze goti lako na ghala lako, akupe siku nyingi za kuja kutuona, Nyarusange na Muyinga pia.

Ni mimi, binti ya kaka yako, nikupendaye hata ukinikemea,

Ursula